Mistari Minne ya Bwana Kompyuta

Sisi tuliofanya kazi kwenye ghala la dawa pale Mpanda tulimwita Bwana Kompyuta, kama vile wilaya ilivyokuwa na Bwana Shamba na Bwana Nyuki. Hakulipenda jina hilo. Alisema Bwana Shamba hushika jembe na Bwana Nyuki huumwa na nyuki, lakini kazi yake yeye ni ya akili. Tukaendelea kumwita hivyo hivyo, na hatukumwita kwa mapenzi.

Mimi nilikuwa karani wa kuingiza orodha za dawa kwenye mashine. Tulikaa chumba kimoja miaka mitano, yeye kwenye kiti chenye mto, mimi kwenye stuli, kwa hiyo haya sikuambiwa na mtu. Kwa kawaida mimi hutafuta jema la mtu kwanza. Sasa nafundisha watu wazima kompyuta, na huwezi kumfundisha mtu huku unamdharau. Ataiogopa kibodi na hatajifunza kitu. Jema la Bwana Kompyuta nimelitafuta kwa muda mrefu. Nililolipata nitaliweka mahali pake, na halitachukua nafasi kubwa.

Alikuwa na pampu ya baiskeli. Kila asubuhi aliitumia kupuliza vumbi kwenye mashine, polepole, tundu kwa tundu, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Wagonjwa na wahudumu wa zahanati walikuja kwa baiskeli kutoka Kasokola na mbali zaidi, na tairi zilipasuka njiani. Waliiona pampu dirishani, wakaiomba. Jibu lilikuwa moja: "Hii ni ya mashine." Nilimwona akimjibu hivyo mama mwenye mtoto mgongoni, mvua inanyesha, huku mkono wake ukiendelea kupampu.

Salamu za watu aliziitikia kwa nyusi. Ukimwamkia, zilipanda, ukiendelea kusimama, zilishuka, na hapo ulijua mazungumzo yamekwisha. Lakini akifunua kile kitambaa cheupe cha kufuma alichoifunikia mashine, alisema kwa sauti ya chini, "Umeamkaje, mama?" Mara ya kwanza nilidhani ananisalimia mimi. Nikaitikia. Hakugeuka.

Mashine zenyewe zilikuwa mbili, kuukuu, za msaada. Alizionea haya. Mgeni akitoka Dar es Salaam, Bwana Kompyuta aliwahi kusema kabla hajaulizwa: "Haya ni makopo tu. Mashine zenyewe ziko njiani." Ziko njiani. Alilisema neno hilo miaka yote mitano, na kila treni ya Tabora ilipoingia alitembea mpaka stesheni na tai yake shingoni, akasimama mahali ambapo behewa la mizigo husimama. Alirudi na bahasha ya disketi, au alirudi mikono mitupu, na siku ya mikono mitupu hatukuthubutu hata kukohoa.

Alikuwa na misemo. Mingi ilikuwa upuuzi, lakini miwili naikumbuka kwa sababu ilileta madhara. Wa kwanza ulikuwa huu: "Mashine haina njaa, kwa hiyo haina sababu ya kudanganya." Wa pili aliutumia kwa programu yetu: "La zamani huzikwa, halitibiwi."

Hapa inabidi nieleze taratibu, na usiogope, si jambo gumu. Programu iliyotunza orodha za dawa iliandikwa na mafundi wa makao makuu ya mradi wetu, Dar es Salaam. Sisi tulikuwa na toleo la tatu. Wenzetu wa mijini walikuwa wamehamia toleo la nne, ambalo makopo yetu yasingeweza kulibeba. Matoleo yote mawili yalitegemea kitu ambacho mafundi hukiita maktaba. Usiwaze vitabu. Waza sanduku la spana la fundi baiskeli: kila kazi inayoingia kibandani, fundi huchukua spana mle mle. Programu ikitaka kujua dawa imebakiza siku ngapi kabla ya kuisha muda, haipigi hesabu yenyewe. Inaazima kazi hiyo kwenye maktaba.

Sasa, maktaba yetu ilisoma mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho. Ukiandika 97, ilielewa 1997. Ukiandika 00, ilielewa 1900. Mafundi wa Dar waliliona kosa hilo wakalirekebisha, lakini kwenye maktaba ya toleo la nne tu. Kuyachukua marekebisho kama hayo kutoka toleo jipya na kuyarudisha kwenye toleo la zamani ni kazi yenye heshima yake. Mwenye baiskeli ya zamani akimletea fundi breki ya modeli mpya, fundi mzuri hamwambii mteja atupe baiskeli. Wala haifungi breki nzima kwa nguvu mpaka uma upinde. Anaitazama, anakitambua kile kipande kidogo kinachofanya kazi, anakipiga tupa mpaka kikae. Basi. Wenye toleo la zamani nao wanapanda na kushuka milima kama wengine.

Mwaka 1998 zilikuja dawa za kifua kikuu ambazo mwisho wake ulikuwa Machi 2000. Dawa nzuri, mpya. Niliingiza maboksi kumi na moja ya kwanza kwenye mashine siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi printa ilitoa orodha ya dawa zilizokwisha muda, na yote kumi na moja yalikuwemo.

Pale ghalani tulikuwa na utaratibu wetu. Kilicho kwenye orodha hakilali ghalani Ijumaa. Saa tisa alasiri kilipelekwa shimoni nyuma ya jengo na kuchomwa, na ile orodha yenyewe ilitupwa motoni pamoja na dawa, isije ikachanganywa na ya wiki inayofuata. Kilichobaki ni fomu moja yenye jina la dawa, idadi ya maboksi na sahihi mbili: ya Mama Stoo na ya Bwana Kompyuta.

Mama Stoo ndiye aliyeshika funguo za ghala. Alikuwa mjane kutoka upande wa Mpimbwe, darasa la saba, na sijamwona tena mtu anayesoma boksi kama yeye. Aligeuza kila boksi mpaka alipopata tarehe, ndipo akaangalia jina la dawa. Alisema jina unaweza kulijua kwa rangi, tarehe lazima uisome. Siku ile aliingia ofisini na boksi moja mkononi.

"Bwana Kompyuta, hapa wameandika Machi elfu mbili."

"Karatasi inasemaje?"

"Karatasi inasema imekwisha muda miaka tisini na nane iliyopita."

"Basi."

"Basi nini? Miaka tisini na nane iliyopita hata reli haijafika hapa. Hii dawa ililetwa kwa kichwa?"

Nilicheka. Bwana Kompyuta hakucheka. Alifuta skrini kwa kitambaa, akakikunja mara mbili, akasema bila kumtazama: "Mama, mashine haina njaa. Wewe una njaa?"

Maana yake tuliielewa wote. Mtunza stoo anayekataa kuchoma dawa iliyoandikwa kwenye orodha anataka kuipeleka wapi? Mtaani. Kwa mama mwenye watoto wanne na asiye na mume, tuhuma hiyo ilitosha kummaliza. Mama Stoo aliliweka boksi mezani. Kisha akaomba kalamu.

Nilikwenda nao shimoni. Bwana Kompyuta alisimama upande ambao moshi hauendi.

Jumatatu akaja mzee mmoja mfugaji, Msukuma mwenye ng'ombe wake ng'ambo ya Kasokola, kuchukua dawa za mkewe za mwezi wa tatu wa matibabu. Mama Stoo hakuwa na uso wa kumwambia, akamleta ofisini.

"Njoo mwezi ujao," Bwana Kompyuta alisema. "Mashine inasema hakuna."

Mzee aliitazama mashine ilivyofunikwa kitambaa chake cheupe. "Hii?"

"Hiyo hiyo."

"Na yenyewe inakohoa damu?"

"Mzee, usilete utani ofisini."

"Sileti utani, mwanangu. Naona nyie mmemfunika vizuri kuliko nilivyomfunika mke wangu, nikadhani naye mgonjwa."

Akatoka. Bwana Kompyuta akaniambia niandike tangazo kwamba wasio na shida ya kiofisi wasiingie.

Ghalani yalikuwa yamebaki maboksi ishirini na sita ya dawa ile ile, bado sijayaingiza, na dawa isiyoingizwa kwenye mashine haikuruhusiwa kutolewa. Nilijua nikiyaingiza yatakwenda shimoni Ijumaa. Nikamwomba, kwa adabu zote, aitazame disketi iliyoletwa na treni mwezi uliotangulia, ambamo mafundi wa Dar walikuwa wametuma maktaba ya toleo la nne pamoja na maelezo.

"Ya toleo la nne," alisema.

"Kile kipande cha tarehe tu, Bwana. Tukirudishe kwenye ya kwetu."

"La zamani huzikwa, halitibiwi. Mashine mpya ziko njiani."

"Na Ijumaa?"

Nyusi zikapanda, zikashuka.

Hapa ndipo mahali pa lile jema lake. Mwaka nilioanza kazi, siku moja ya mvua ambayo hakuna mgeni aliyekuja, Bwana Kompyuta alinifundisha. Sijui kilichomwingia. Alichukua debe la mchele la Mama Stoo na vikombe vitatu, akanionyesha jinsi kumbukumbu ya mashine inavyojaa, kwa nini huwezi kumimina debe kwenye kikombe, jinsi programu inavyoita maktaba na kupokea jibu. Alieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, kila herufi imesimama peke yake. Jioni ilipofika alirudisha mchele debeni, akasema, "Sasa usiguse." Hakurudia tena siku ile kwa miaka mitano. Kila ninapofundisha leo natumia debe na vikombe, na kila mara inaniuma kwamba nimevipata kwake.

Basi niligusa. Bwana Kompyuta alikwenda kula nyumbani kila mchana na kulala, saa mbili nzima. Kwa siku nne saa hizo zilikuwa zangu. Nilijaribu kwanza njia ya mvivu, kunakili maktaba yote mpya juu ya ya zamani. Programu haikufunguka, ilikuwa ni kumimina debe kwenye kikombe. Nikarudi nyuma. Nikaisoma ile kazi ya tarehe mstari kwa mstari. Niligundua kwamba ndani yake inaita kazi nyingine tatu ambazo kwetu hazipo, na kwamba zote tatu ni mapambo. Kilichofanya kazi kilikuwa kitu kidogo: tarakimu mbili zikiwa chini ya hamsini, anza na elfu mbili, zikiwa hamsini au zaidi, anza na elfu moja mia tisa. Nikaiandika kwa namna ya maktaba yetu, kwa jina lile lile, ili programu zote zilizozoea kuiita ziendelee kuiita bila kujua kwamba imebadilika. Nikaijaribu kwa dawa ya Desemba 1999, ya Januari 2000, na mafuta ya ngozi ambayo kweli yalikwisha muda. Ijumaa asubuhi nikaingiza maboksi ishirini na sita. Orodha ikatoka na mafuta ya ngozi peke yake.

Bwana Kompyuta alitia sahihi bila kusoma. Mzee wa Kasokola alitumiwa ujumbe, akaja, akapewa dawa za mkewe na Mama Stoo mwenyewe.

Ningependa kuishia hapo, lakini nilifanya kosa ambalo nawaonya wanafunzi wangu wote wasilifanye. Disketi zetu zilikuwa chache. Niliihifadhi maktaba iliyorekebishwa juu ya ile yenye kosa, na ile yenye kosa sikuiwekea nakala.

Miezi miwili baadaye makao makuu waliuliza kwa nini dawa nzuri maboksi kumi na moja zimechomwa Mpanda. Mkuu wetu wa ghala alikuwa mtu wa haki lakini wa karatasi, alitaka kuona. Orodha ya Ijumaa ile ilikuwa majivu. Wakawasha mashine, wakaingiza dawa ya Machi 2000, na mashine ikajibu sawasawa: bado nzuri. Fomu ikaletwa, na sahihi ya Mama Stoo ilikuwa juu.

Nilieleza. Nilisema maktaba ilikuwa na kosa na mimi ndiye niliyerekebisha, ila maelezo yaliyokuja na disketi yalitaja toleo la nne tu. Mkuu akamgeukia Bwana Kompyuta.

"Karani," alisema Bwana Kompyuta, na akatabasamu, "hurekebisha barua."

"Kwa hiyo mashine haikuwa na kosa?"

"Imewashwa mbele yako, Mkuu. Mimi ni shahidi wa mashine. Kusoma maboksi ni kazi ya stoo."

Mama Stoo alinyang'anywa funguo. Kwa huruma hawakumfukuza, walimpa ufagio. Akawa anafagia uwanja wa ghala alilokuwa akilitunza, na wahudumu wa zahanati waliokuwa wakimwita mama wakawa wanapita. Hakuwahi kunilaumu. Aliniambia mara moja tu, tumeketi kizingitini: "Mdogo wangu, ungeiacha mbovu wiki moja zaidi, wangeiona." Kisha akasema, "Lakini mke wa yule mzee wa Kasokola angekufa," akainuka kuendelea kufagia.

Miaka yote hiyo nilimdharau Bwana Kompyuta kwa ujinga. Nilidhani hakuweza ile kazi na aliona aibu kusema hawezi. Nilimwona kama mwanamume aliyevaa tai kuficha shati lililotoboka. Ni dharau, lakini ina huruma ndani yake, kwa sababu ujinga unaweza kumpata yeyote.

Mwishoni mwa 1999 alikuwa ameacha kazi. Mashine mpya hazikuja, na alisema hawezi kuendelea kuzeekea kwenye makopo. Alijenga Misunkumilo, akalima mahindi, na kulima hakujua. Barua ikatufikia kutoka Dar kwamba mwaka 2000 una Februari ya siku ishirini na tisa, na kwamba maktaba nyingine za zamani hazilijui hilo. Ya kwetu haikujua. Sikuwa na uhakika wa kuirekebisha bila kuharibu hesabu nyingine, na Mpanda hakukuwa na mwingine wa kumwuliza, nikapanda baiskeli kwenda kwake.

Nilimkuta amekaa barazani, shati la kazi, tai hakuna. Redio ilikuwa mezani, imefunikwa kile kitambaa cheupe.

"Shikamoo, Bwana."

Nyusi zikapanda. "Zimekuja?"

"Hazijaja."

"Kwa hiyo bado mnatumia toleo la tatu."

"Linafanya kazi. Tatizo ni Februari." Nikamweleza.

Alinisikiliza akichekea puani. "Ulirekebisha mwaka ukasahau Februari. Ndiyo maana nasema karani ni karani." Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye jalada lililofifia, akalifungua mapajani mwangu. "Tazama namna mtu mzima anavyofanya."

Ulikuwa mwandiko wake ule ule, kila herufi imesimama peke yake. Mistari minne. Yangu ilikuwa kumi na mmoja. Ya kwake ilisoma mwaka wa tarakimu mbili vizuri, na Februari ilikuwemo. Juu yake alikuwa ameandika: *Kosa la 00 katika toleo la tatu. Dawa za mwaka 2000 zitaonekana zimekwisha muda.* Na pembeni, kama fundi mwangalifu anavyofanya, aliweka tarehe.

Niliisoma ile tarehe mara mbili. Ilikuwa wiki tatu kabla ya Ijumaa ya maboksi kumi na moja.

"Ulikuwa nayo," nilisema.

"Kabla yako. Kabla hujajua hata kwamba kuna kosa."

"Kwa nini hukuiweka?"

Alinitazama kama mwalimu anayeulizwa swali la darasa la kwanza. "Ningeiweka, mashine mpya zingekuja? Wangesema Mpanda wanaendelea vizuri na makopo yao. Lazima kitu kiungue ndipo mtu wa Dar aelewe. Wewe ukaenda ukakiziba." Akatikisa kichwa. "Uliwanyima watu wa hapa mashine, dada. Mimi nilishakusamehe."

Jogoo alipita kati yetu. Niliiona tena pampu ikipuliza, tundu kwa tundu. Nikagundua kwamba kwa miaka yote ile, nilipokuwa namwita mjinga, nilikuwa namheshimu.

Nikamwambia kwa sauti yangu ya kawaida, ile ninayoitumia kwa mwanafunzi aliyepata jibu, "Ni kazi nzuri sana, Bwana. Ni haki Mkuu ajue nani alikuwa wa kwanza."

Uso wake ukafunguka.

"Naomba ukurasa huu niende nao. Na uweke sahihi, wasije wakasema ni wangu."

Aliuchana kwa uangalifu, kwa rula. Akaandika jina lake lote, akatia sahihi, na chini yake akaongeza, bila kuombwa: *Wa kwanza kugundua.* Akanisindikiza mpaka njiani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tairi yangu ya nyuma ilikuwa imelegea. Aliiona, akasema nipite polepole.

Nilifika ghalani kabla hawajafunga. Mama Stoo alikuwa anamalizia uwanja upande wa shimo. Mkuu alikuwa bado ofisini, taa yake naiona, lakini nilipita kwa Mama Stoo kwanza, nikampa ukurasa. Akaegemeza ufagio ukutani, akajifuta mikono kwenye kanga, akaugeuza, akaugeuza tena, mpaka alipoipata tarehe.